Kijana, kesi na kiyoyozi: kisa kimoja cha mafunzo ya kazi Kisauni

Kisa hiki ni cha kijana tuliyemsaidia, hapa Kisauni, Mombasa, kujifunza ufundi wa viyoyozi huku kesi yake ikiendelea kortini. Jina lake, mtaa wake, karakana alikofundishwa na hoteli inayotajwa vimefichwa, na baadhi ya miezi imesogezwa. Yeye, mama yake na fundi wake walisomewa maandishi haya kabla hayajatoka. Mama aliomba jambo moja liondolewe, nasi tukaliondoa. Kijana tutamwita K.

Tumeyaandika kwa ajili ya wenzetu wenye miradi midogo kama wetu, ya kuwatafutia vijana mafundi wa kuwafundisha kazi: ofisi ya chumba kimoja, watu watatu, na bajeti ambayo kila Desemba hamjui kama itarudi.

Usuli

K. alikuja kwetu akiwa na miaka 19. Shule aliiachia kidato cha pili, karo ilipomshinda mama. Mama huuza mbaazi na mahamri asubuhi, kizingitini mwa nyumba ya kupanga, na kwa biashara hiyo analisha watu watano. Baba alishahama zamani. K. alikuwa akibahatisha vibarua: leo kupakua magunia soko la Kongowea, kesho kuosha tuktuk, kesho kutwa maskani.

Mwezi wa Februari polisi walifanya msako wa usiku mtaani. K. alikutwa na simu iliyokuwa imeibwa wiki mbili nyuma. Aliinunua kwa mwenzake wa maskani kwa shilingi 2,500. Hakuuliza ilikotoka, na tulipomuuliza sisi hakuzungukazunguka: "Bei yenyewe ilikuwa yajieleza."

Alishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Vijana wengi hulidhani kosa hili ni dogo kuliko kuiba kwenyewe, kumbe sheria ya Kenya inaliona vingine. Wizi wa kawaida adhabu yake haizidi miaka 3, ilhali kupokea mali ya wizi yaweza kufika miaka 14. Laiti angekuwa hajatimiza miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 ingefungua njia ya kuliondoa suala lake kortini na kulishughulikia kando. Alikuwa ameupita mstari huo kwa mwaka na miezi kidogo.

Katiba, kifungu cha 49, inampa mshukiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri. Masharti ya K. yalikuwa shilingi 30,000 taslimu. Kwa hakimu huenda ni kadiri. Kwa muuza mahamri ni mtaji wa mwaka. Alikaa siku kumi na moja rumande katika gereza la Shimo la Tewa huku mama akizunguka. Mwishowe chama cha akina mama kilimkopesha 18,000, naye akaongeza pesa zake za unga, mafuta na mbaazi, zote. Biashara ikalala karibu mwezi mzima. Tutarudi kwenye pesa hizi, kwa sababu sisi tulichelewa mno kuziona.

Mambo yalivyokwenda

Aprili, mama alimleta ofisini. Yeye ndiye aliyezungumza, K. alikuwa ametazama sakafu. Tulipomuuliza anataka kazi gani, alijibu mara moja: viyoyozi. Aliwahi kumshikia fundi ngazi kwenye nyumba moja Nyali, na alilopenda ni kwamba mwisho wa kazi hewa ilitoka baridi, mwenye nyumba akacheka. Tuliona hilo latosha. Kijana anayejua anachotaka ni nusu ya kazi yetu, na siku hiyo tulirudi nyumbani tumefurahi.

Mei alianza kwa fundi mmoja mwenye karakana kando ya barabara ya Malindi. Ni mtu wa makamo, mchache wa maneno, hutengeneza viyoyozi, friji, na friza za wauza samaki. Tulipatana: sisi tungempa fundi shilingi 4,000 kwa mwezi kwa miezi sita, naye angefundisha na kuweka daftari la mahudhurio. K. tungempa 200 kwa siku za nauli na chakula, miezi mitatu ya mwanzo. Tukamnunulia na mfuko wa vifaa.

Masika yalikuwa yamekolea, na masika Mombasa kazi ya viyoyozi hupungua; mtu huzima chake akalala na dirisha wazi. Tulidhani tumeanza wakati mbaya, kumbe ndio uliofaa. Mashine zilizokuwa zimerundikwa nyuma ya karakana, zile ambazo chumvi ya bahari ilikuwa imezila koili zikabaki kama majani makavu, fundi alizishusha moja moja K. akazifungua bila mtu wa kumharakisha.

Nilikuwepo siku moja anafundishwa kuunga bomba la shaba. Bomba hukatwa, hukwanguliwa mdomo, kisha mdomo hupanuliwa kwa kifaa maalumu uwe kama tarumbeta ndogo, ili nati ikikazwa gesi isipenye. K. alikata vizuri, akakwangua, akapanua taratibu, mdomo ukatoka laini kabisa. Akauinua atuonyeshe. Fundi hakusema kitu, aliangalia tu meza. Nati ilikuwa pale mezani. Inatakiwa iingie kwenye bomba kabla ya mdomo kupanuliwa, baadaye haipiti. K. akakata ule mdomo wake mzuri na kuanza upya. "Isahau hapa," fundi akamwambia, "usije ukaisahau juu ya ngazi, ghorofa ya tatu."

Julai, saa mbili usiku, K. alisimamishwa na polisi akitoka stejini. Mfukoni mwake mlikuwa na msumeno wa chuma, bisibisi tatu, koleo na kikata bomba. Kwa sheria, kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba bila sababu halali ni kosa peke yake, na huyu tayari alikuwa na kesi. Walimshikilia hadi karibu saa sita. Mwenzangu alikwenda kituoni na nakala ya makubaliano yetu na fundi, mama akaja na leso yake ya usiku, wakamwachilia. Mfuko tuliomnunulia sisi, tukamwambia autunze nyumbani, ndio uliomfikisha pale.

Kesi ilikuwa ikitajwa kila baada ya wiki kadhaa. Mara shahidi hajafika, mara faili haionekani, mara kiongozi wa mashtaka anaomba muda. K. alikaa kortini tangu asubuhi hadi adhuhuri apewe tarehe nyingine. Fundi, ambaye hakujua habari ya kesi, aliambiwa mama anaumwa.

Novemba ikaja, na joto nalo. Fundi alipata kazi ya kuhudumia viyoyozi vya hoteli moja ya pwani ya kaskazini kabla wageni wa Desemba hawajafika. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule, na alimpanga K. ndani. Halafu hoteli ikaleta sharti: kila atakayepita lango awe na cheti cha polisi cha tabia njema, kile ambacho kila mtu hapa hukiita "gudi kondakti". Fundi alimwambia K. aombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada wakati huo ilikuwa shilingi 1,050, akapige alama za vidole, na kama hana pesa angemkopesha.

Kesho yake K. hakuonekana, wala kesho kutwa. Siku ya nne fundi alitupigia simu kuuliza kama kijana yu hai.

Tulimkuta Kongowea akisukuma mkokoteni wa viazi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa karakana badala ya chuo. Chuo cha ufundi cha kaunti kingempa cheti na wenzake wa rika. Lakini muhula ulikuwa umeshaanza, ratiba ilikuwa ya kutwa siku tano, na mwanafunzi anayekosa siku nzima kila mwezi huishia kuachwa nyuma. Fundi mmoja ni rahisi kuzungumza naye kuliko ofisi ya mkuu wa chuo. Tena Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwapima hata waliojifunzia kazini, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, kwa hiyo jua kali haikumnyima karatasi. Uamuzi huu bado tunausimamia.

Wa pili ulikuwa kumficha fundi habari ya kesi. K. alituomba, na aliomba kwa namna ambayo ilikuwa vigumu kukataa: mtu atakayejua, alisema, atahesabu spana kila jioni. Tulijiambia kwamba siri ni yake, si yetu kuitoa. Hilo ni kweli. Ila tulichanganya mambo mawili. Kutomsemea mtu siri yake ni adabu. Kumsaidia kutunga uongo wa kila mwezi ni kitu kingine, na sisi tulikuwa tumefika huko. Mara moja mimi mwenyewe niliulizwa na fundi hali ya mama, nikajibu anaendelea vizuri.

Baada ya Kongowea tulimwambia K. wazi kwamba hatutadanganya tena, lakini wa kusema awe yeye. Alitaka twende pamoja. Fundi alikuwa ameinama anaosha vichujio kwa mpira wa maji, na hakuuzima mpira wakati K. anaeleza. Alipomaliza, fundi akamuuliza:

"Kwa hivyo mamako haumwi?"

"Haumwi, baba."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshaona ni ugonjwa gani huu unaompata mtu siku za kazi peke yake."

Kisha akageuka kwangu, na hakuwa na utani. Alisema angeambiwa mwezi wa Mei, asingempanga K. kwenye kazi ya hoteli wala asingempa mwenye hoteli idadi ya watu wanne. Sasa ana watu watatu na kazi ya wanne, na jina lake liko kwenye mkataba. Sikuwa na jibu. Aliajiri kibarua mwenye cheti, akambakisha K. karakanani kwenye friza za wauza samaki, na akataka tarehe zote za korti ziandikwe ukutani kwa kalamu nyekundu.

Uamuzi wa tatu ndio mzito. Desemba tulimpata wakili wa kujitolea. Alisoma faili akaeleza njia mbili. Moja, kuendelea kukana: mlalamishi alikuwa hajafika mara tatu, na yawezekana kesi ingeanguka, ingawa huenda ingechukua mwaka mwingine. Mbili, kukiri: ni kosa lake la kwanza, ana kazi, ana makao, na hakimu angeweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Kifungo cha probesheni, yaani kuachwa nje chini ya uangalizi wa afisa huyo, hakiwi chini ya miezi 6 wala zaidi ya miaka 3, na mtu anabaki kwao. K. alichagua kukiri. Alisema amechoka, na kwamba simu alijua. Mama alilia, kwa sababu alikuwa amesikia neno "kifungo" tu.

Afisa wa probesheni alifika nyumbani, akazungumza na mzee wa mtaa, kisha akaenda karakana. Fundi hakuwa na hotuba. Alimpa daftari. Lilikuwa la shule, kava limelowa grisi, na kila siku ina saa ya kuingia, saa ya kutoka na kazi iliyofanywa: "friza ya samaki, kuziba uvujaji, sawa", "nati, tena". Siku ambazo K. hakuja nazo zimo, hata zile nne za Novemba.

Matokeo

Januari hakimu alimpa probesheni ya miezi 12. Alimaliza bila kukosa kuripoti. Alifanya mtihani wa NITA wa gredi ya tatu na kufaulu. Leo yuko kwa fundi yule yule, si mwanafunzi tena. Analipwa kwa kazi, shilingi 600 hadi 1,000 siku ikiwa nzuri, na masika huwa na wiki nzima za kukaa bure. Friza za samaki amezijua kuliko fundi mwenyewe, na fundi hulisema hilo mbele ya wateja.

Hotelini haingii. Ana hukumu, na cheti cha tabia njema hutolewa baada ya alama za vidole kulinganishwa na rekodi. Mji huu kazi nono ya viyoyozi iko nyuma ya malango: hoteli, benki, maghala, bandari. Malango mengi ya namna hiyo huuliza karatasi ile ile.

Dhamana ilirudishwa wiki kadhaa baada ya kesi kufungwa. Mama alikuwa ameihifadhi risiti ndani ya Msahafu. Chama kilikuwa kimeshamsubiri mwaka mzima.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa letu, na tulilifanya siku ya kwanza, ile tuliyorudi nyumbani tumefurahi. Tulimuuliza kijana anapenda nini, tukaacha kuuliza: kazi hii hufanyiwa wapi, na mlangoni huulizwa nini? Fundi wa tuktuk hufanya kazi nje, mteja humletea. Mchomeleaji wa mageti na seremala vivyo hivyo. Fundi wa viyoyozi huingia vyumbani mwa watu, na mlinzi wa lango humtangulia mteja. Sisemi K. angenyimwa viyoyozi. Nasema tangu Mei angeelekezwa kwenye friza, barafu na friji za madukani, ambako mteja anaangalia kama samaki wake wamehifadhika, na hoteli ingekuja baadaye kama ingekuja. Alifika huko huko, lakini kwa kutoroka siku nne na kwa aibu ambayo haikuwa ya lazima.

Daftari lilifanya kazi kubwa kuliko barua zetu. Tuliandikia korti barua mbili zenye nembo na muhuri, zenye maneno kama "ameonyesha mabadiliko chanya". Sijui kama kuna aliyezisoma. Ripoti ya afisa ilinukuu daftari. Nadhani nguvu yake ilikuwa zile siku zilizokosekana: karatasi inayokubali kwamba mtu hakuja Jumanne huaminika inaposema alikuja Jumatano. Sasa kila fundi wetu hupewa daftari kabla ya kupewa senti, na mafundi wawili wamekataa kulijaza. Hao hatuwapelekei kijana mwenye kesi.

Vifaa hulala karakanani. Kijana hutembea na barua fupi yenye namba ya simu ya fundi na ya kwetu. Barua haimzuii askari kumkamata, ila hufupisha usiku.

Suala la siri tumelibadilisha hivi: kabla ya kumtafutia kijana fundi, tunakaa naye kuamua nani ataambiwa, lini na kwa maneno gani. Akikataa kabisa fundi asijue, tunamheshimu, na tunamtafutia mafunzo ya jioni au ya mwisho wa wiki yasiyogongana na korti. Wanaokataa si wengi wakishajua kwamba watakaosema ni wao wenyewe. Lakini nisipake asali: kijana mwingine baada ya K. alisema kila kitu siku ya kwanza, na fundi akamrudisha nyumbani saa hiyo hiyo.

Pesa za mama tulizipuuza. Katika fomu yetu ya wakati ule hapakuwa na mahali pa kuuliza nani alilipa dhamana na kwa pesa gani. Tukawa tunampa K. 200 za nauli na chakula, tukishangaa kwa nini anashinda njaa. Agosti ndipo alipotuambia: 100 kati yake ilikuwa ikienda kwa mama kila jioni, arudishe unga. Mkopo mdogo wa mtaji kwa mama mwezi wa Aprili ungegharimu pungufu ya mfuko wa vifaa uliotupeleka kituo cha polisi.

Kuhusu kukiri, ofisini hatujakubaliana hadi leo. Mwenzangu anaona K. aliuza rekodi yake safi kwa sababu ya uchovu, na kwamba kazi yetu ilikuwa kumsaidia kuuvumilia, hata kwa kumlipia nauli za korti mwaka mwingine. Wakili alimweleza habari ya kifungo. Habari ya cheti hakuna aliyemweleza ikamwingia, sisi tukiwemo, ingawa Novemba ilikuwa imetupita wiki chache tu. Mimi nilikuwa nimekaa benchi moja naye siku ya kukiri, na nadhani kama tungemweleza angekiri vilevile. Mwenzangu akanijibu kwamba hata hivyo alistahili kuambiwa, na hapo sina la kumpinga. Nilimuuliza K. mwenyewe tulipomsomea maandishi haya. Alifikiri kidogo, akasema turuke hilo swali, kuna friza ya mtu inamsubiri.